Ndoto Ikija, Mwili Hufungwa

Mtazame mtoto mchanga aliyelala. Chini ya kope macho yanakwenda huku na huko, midomo inachezacheza, vidole vinashtuka. Karibu nusu ya usingizi wake ni wa namna hii. Mtu mzima hubakiwa na robo hivi, nayo humrudia kila baada ya dakika 90 au karibu na hapo. Mwaka 1953, katika Chuo Kikuu cha Chicago, Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman walitangaza kwamba waliowaamsha macho yao yakienda hivyo, wengi walisimulia ndoto. Ubongo saa hiyo huchangamka karibu sawa na wa mtu aliye macho.

Basi kama ubongo unakimbia, mbona miguu imetulia? Hapa ndipo ninapomshangilia Muumba. Katika shina la ubongo, juu kidogo ya uti wa mgongo, kuna kikundi kidogo cha seli ambacho ndoto ikianza hushusha amri. Seli zilizo chini yake humwaga kemikali ziitwazo glisini na gaba juu ya neva za misuli, na misuli inalegea tepetepe. Seli zinazotoa noradrenalini na serotonini, ambazo mchana kutwa hutusaidia kuwa macho, nazo hunyamaza. Lakini amri ile huyaacha macho. Huiacha pia diaframu, msuli unaotuvutia pumzi. Rehema iliyoje, kumlegeza mtu mwili mzima na kumbakizia uhai wake!

Michel Jouvet, wa Lyon huko Ufaransa, alilithibitisha jambo hili kwa paka. Alipoharibu sehemu ndogo ya shina la ubongo, paka waliokuwa usingizini waliinuka, wakanyatia, wakarukia windo lisilokuwepo. Mwaka 1986 madaktari wa Minnesota, Marekani, wakaeleza ugonjwa wa jinsi hiyo kwa binadamu: zaidi ni wanaume wa makamo na wazee, hupiga ngumi na mateke ndotoni, na mara nyingi anayeumia ni mke aliyelala kando.

Aliyewahi kukabwa na jinamizi ameionja amri hiyo yeye mwenyewe. Akili imeshaamka, macho yanaiona dari, mkono hautii. Hakuna aliyemkalia kifuani. Ni ubongo tu haujaifungua misuli, na kwa kawaida huifungua baada ya sekunde au dakika chache. Muda wote huo diaframu inafanya kazi, pumzi inaingia na kutoka, ingawa mwenyewe kwa hofu anaamini imekatika.