Lango Limefunguliwa, Mbona Hatuingii?

Somo: Zaburi 71:9, Marko 7:9–13, 1 Timotheo 5:4



Fungua Biblia yako Zaburi 71, mstari wa 9, na usipite haraka. Anayeomba hapo ni mzee. Ameona nguvu zinamwisha, na anamsihi Mungu asimtupe. Unaweza kuwa na imani miaka hamsini na bado uogope hilo.

Mpendwa, mwaka 2020 hofu hiyo tuliiona kwa macho. Mgonjwa wa kwanza wa corona hapa Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi. Kabla ya mwezi kwisha, makanisa yalikuwa yamefungwa na kafyu imeanza. Wengi tulilia juu ya biashara, shule na safari. Lakini hebu twende pamoja mahali ambapo wachache walipafikiria: nyumba ya wazee.

Pale Kasarani, Nairobi, iko Nyumba ya Wazee inayoendeshwa na masista wa Kikatoliki, Little Sisters of the Poor. Najua sisi ni Wapentekoste, lakini tendo jema halina dhehebu. Shirika hilo lilianza Ufaransa mwaka 1839, wakati mwanamke aitwaye Jeanne Jugan alipomchukua mama mzee kipofu asiye na mtu, akampa kitanda chake mwenyewe. Baadaye akabeba kikapu, akaenda mlango kwa mlango kuwaombea wazee chakula. Mpaka leo masista hao hutegemea sadaka za watu.

Sasa fikiria maisha katika nyumba ya namna hiyo wakati wa corona. Siku ya mzee ina mambo machache: uji wa asubuhi, kuota jua, ibada, chakula cha mchana, na pengine mgeni. Mgeni ndiye anayefanya Jumapili iwe tofauti na Jumanne. Ugonjwa huu uliua wazee kuliko vijana, kwa hivyo nyumba za wazee duniani kote zilifungia wageni malango. Waliofunga walikuwa wanalinda uhai. Lakini mzee mwenye masikio mazito, aliyezoea kuangalia midomo, sasa kila mdomo una barakoa. Mama aliyezoea kushikwa mkono, sasa haguswi. Na yule anayesahau sahau, utamweleza vipi kwamba mwanawe hajamkataa, ni amri imemzuia? Unamweleza leo, na kesho anauliza tena, na inabidi umjibu kwa upole ule ule.

Kule Ufaransa, kuna wahudumu waliohamia kulala ndani na wazee, wakaacha familia zao ili wasiwaletee ugonjwa. Kule Hispania, Machi 2020, wanajeshi waliotumwa kupuliza dawa walikuta nyumba ambazo wazee wameachwa, na wengine wamekufa vitandani. Ugonjwa ulikuwa ule ule. Tofauti ilikuwa nani alibaki na nani aliondoka.

Turudi hapa Bondeni. Najua mtu atasema, "Pasta, sisi Waafrika hatupeleki wazazi kwa home." Sawa. Lakini tembea kwa ploti zetu. Utapata mzee katika chumba kimoja, alikuja mjini kutafuta kazi akiwa kijana, wenzake wameshazikwa, watoto wako mbali. Mlango unafunguka wakati wa kumwaga maji, halafu unafungwa. Huyo anaishi nyumba ya wazee isiyo na sista.

Kumbuka Julai 2020, ibada ziliporuhusiwa tena. Watu 100, saa moja, na aliyepita miaka 58 abaki nyumbani. Machi 2021 Nakuru tukafungiwa tena pamoja na Nairobi, Kiambu, Kajiado na Machakos. Mwishowe masharti yote yakaondolewa. Kwaya ikarudi, vijana wakarudi. Lakini kuna shosho ambaye bado yuko nyumbani, kwa sababu magoti yalikataa au aliyekuwa akimshika mkono alihama. Kiti chake kina mtu mwingine. Nakuuliza: unajua anaishi wapi? Mwaka 2020 sheria ndiyo ilifunga lango. Leo nani amelifunga?

Nilisomea biashara chuoni. Huko tunafundishwa kwamba mali ikizeeka, unaipunguzia thamani kila mwaka, mpaka kwenye vitabu inasoma sifuri. Kwa gari ni sawa, kwa kompyuta ni sawa. Shida ni pale tunapoingiza watu kwenye hesabu hiyo. Soma Zaburi 92:14: Mungu anatarajia matunda kwa mtu mwenye mvi. Sisi tumeandika sifuri, yeye bado anasubiri mavuno.

Na Yesu anatufikia pabaya zaidi katika Marko 7. Kulikuwa na watu wanaosema "Korbani", yaani hii mali ni ya Mungu, halafu wazazi wao wakakosa msaada. Yesu hakuita hiyo ibada. Alisema wanalitangua neno la Mungu. Wacha niseme wazi, hata kama ni mimi ninayehubiri utoaji: usilete mbegu madhabahuni huku mama yako analala njaa Subukia. Anza na mama. Mtume Paulo anamwambia Timotheo kwamba watoto na wajukuu wajifunze kumcha Mungu kwanza nyumbani kwao.

Kwa hivyo juma hili tufanye mambo matatu. Kwanza, piga simu kwa mzazi wako, na usianze na shida zako. Pili, kila ushirika wa nyumbani uandike wazee walio ndani ya ploti zenu, waliookoka na wasiookoka, na kila mmoja apate mtu wa kumtembelea. Mkae, msikimbie; sabuni na unga ni vizuri, lakini kiti na saa moja ni bora. Tatu, muulize aliyefikisha miaka 70 kama anapata zile shilingi 2,000 za kila mwezi za Inua Jamii. Kama hajaandikishwa, au hana wa kumsindikiza kuzichukua, hiyo ni huduma, hata kama haina maikrofoni.

Nawe mzee unayesomewa ukurasa huu na mjukuu: Mungu hajakutupa. Tuombee. Tunakuja.

Tuombe: Baba, tufungue macho tuone mlango uliofungwa karibu nasi. Tupe miguu ya kufika na subira ya kukaa. Kwa jina la Yesu. Amina.