Amana Iliyomo Damuni



Hapana asiyejua miongoni mwetu kwamba mwili ni amana ya Mwenyezi Mungu, na kwamba tutaulizwa tuliutumiaje. Lakini wengi wetu hudhani amana hiyo ni mwili wake mtu peke yake. Twataka leo kueleza kwamba yaenea hadi mwili wa mtoto tusiyemjua.

Mwenyezi Mungu ameujenga mwili kwa chembe hai ndogo mno ziitwazo seli. Katika uboho wa mifupa huzaliwa seli nyekundu za damu, mamilioni kwa kila sekunde, na kila moja huishi siku zipatazo 120. Kazi yake ni kuchukua oksijeni mapafuni na kuifikisha kila kiungo. Chombo chake ni protini iitwayo himoglobini, ambayo ndani yake mna atomi nne za chuma, nazo ndizo ziishikazo oksijeni. Ili himoglobini itengenezwe, vimeng'enya hupokezana kazi kama mafundi waundao jahazi, na kimoja katika hivyo hakiwezi kazi bila ya zinki.

Sasa itazame risasi. Ikiingia mwilini kwa vumbi au moshi, huiondoa zinki ile ikakaa mahali pake, kazi ikazuilika na damu ikadhoofika. Tena hujifanya kalsiamu, ikaingia mifupani ikakaa miaka mingi, ikafika na ubongoni mwa mtoto ikamharibia akili. Seli haina macho ya kumjua mgeni huyu. Waliopewa macho ni sisi.

Haya si ya vitabuni tu. Dandora, mjini Nairobi, kuna jaa lililotangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na hata baada ya hapo taka ziliendelea kumwagwa. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa habari za watoto 328 waliopimwa karibu na jaa hilo. Nusu yao damu zao zilikuwa na risasi iliyofikia au kupita mikrogramu 10 kwa desilita, kiwango kilichohesabiwa siku zile kuwa ni sumu. Leo wataalamu wasema hapana kiwango kilicho salama.

Wala tusiseme hayo ni ya bara. Owino Uhuru, mjini Mombasa, watu walidhurika kwa risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na Julai 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Lakini je, fedha humrudishia mtoto akili yake?

Mtume wetu (s.a.w.) alikataza kudhuru na kudhuriana, na akatufundisha kuwa kuondoa udhia njiani ni katika imani. Basi ikiwa aondoaye mwiba ana thawabu, amwagaye sumu ana nini? Miongoni mwetu wapo watawadhao vizuri wakasali safu ya mbele, kisha wakarudi kuvunja betri uani na kuchoma taka karibu na watoto wa jirani. Tahara gani hii iishiayo mlangoni mwa mskiti?

Basi betri kuukuu zisivunjwe wala zisichomwe majumbani. Wapewe wenye idhini ya kuzipokea. Watoto waoshwe mikono kabla ya kula. Na wazee wa miskiti wasichoke kuwadai watawala waondoe majaa penye makazi ya watu. Kumtetea mtoto wa Dandora, awe wa dini yoyote, ni katika kuamrisha mema tulikofaradhiwa.

Wabillahi tawfiq.