Mwandishi na Burudani Yake

Yapo maandishi ambayo hakuna aliyeyaagiza. Mtu hurudi safarini akaandika aliyoyaona. Mwingine hutoka kutazama filamu akaeleza jinsi ilivyomgusa. Wa tatu hushinda uwanjani siku ya mapumziko, na jioni akashika kalamu kusimulia mchezo ulivyokwenda. Hawatumwi na serikali wala kampuni, na aghalabu hawapati ujira. Siku hizi wamekuwa wengi kupita hesabu, maana kutangaza neno hakumhitaji tena mpiga chapa. Basi limezuka swali ambalo sisi walimu hatuna budi kulitafakari, kwa kuwa ndio tuwafundishao vijana insha: je, mtu ana haki gani ya kuuchukua muda wa msomaji kwa ajili ya starehe zake mwenyewe?

Wapo wajibuo kwa ukali kwamba hana. Husema kuwa huko ni kujionyesha, na hutukumbusha kauli ya wahenga: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hoja hii ina nguvu. Kila mwalimu amepata kusahihisha insha ya “Jambo Nilipendalo” isemayo kwamba napenda mpira kwa sababu mpira ni mzuri, nami hufurahi sana nichezapo mpira. Mtoto ameujaza ukurasa mzima kwa nafsi yake, na mpira wenyewe haumo.

Ili tusihukumu kwa kukisia, natwaa mfano wa mtu wa mbali. Masaoka Shiki, mshairi wa Japani, alizaliwa Matsuyama mwaka 1867. Miaka mitano baadaye Mmarekani Horace Wilson, aliyekuwa akisomesha Tokyo, aliwafunza vijana wa huko besiboli, mchezo ambao mmoja hutupa mpira, mpinzani huupiga kwa gongo, kisha hukimbia kituo hadi kituo akijaribu kurudi alikoanzia. Shiki aliupenda tangu siku zake za masomo, akawa mdakaji, yaani yule achutamaye nyuma ya mpigaji. Mwaka 1889 alitema damu kwa kifua kikuu, na hatimaye mwili ukamkatalia kucheza. Mwaka 1896 akaandika katika gazeti la Nippon maelezo ya mchezo ule, uwanja wake na kanuni zake.

Hebu tuangalie alilolifanya. Hakutosheka kusema kuwa anaupenda. Aliyapa mambo ya mchezo majina ya lugha yake: mpigaji akamwita dasha, mkimbiaji sosha, na ile mipira minne mibaya impayo mpigaji ruhusa ya kwenda kituo cha kwanza akaiita shikyu, ambalo maana yake ni hiyo hiyo, mipira minne. Maneno hayo yangali vinywani mwa Wajapani hata leo. (Wengine humpa pia sifa ya kulibuni jina la mchezo wenyewe, yakyu. Hilo ni la Chuman Kanae, mwaka 1894. Shiki alikuwa akilichezea tu jina lake la utotoni, Noboru, kwa kuliandika kwa alama mbili, ya uwanda na ya mpira, ambazo ndizo zilizokuja kusomwa yakyu.)

Msomaji asiyejali besiboli hata kidogo alipata kitu hapo: alipata maneno. Katika nchi zetu hizi, ambako Kiswahili kwa wengi ni lugha ya pili au ya tatu, jambo hili latuhusu sana. Neno kuotea, kwa mfano, lililonyakuliwa kutoka kwa mviziaji akapewa mshambuliaji aliyewatangulia walinzi, nathubutu kusema halikutungwa na mtu asiyeupenda mpira.

Lakini nisije nikadai kwamba mwandishi yampasa ajifute kabisa. Shiki huyo huyo, alipokuwa hawezi hata kugeuka kitandani, aliandika katika Nippon mfululizo wa makala fupi tangu Mei 1902, na kuupa jina la kitanda chake cha ugonjwa chenye urefu wa futi sita. Humo yeye mwenyewe amejaa tele: maumivu yake, hasira zake, na furaha yake ya kuchora maua na matunda yaliyowekwa karibu naye. Makala ya mwisho ilitoka tarehe 17 Septemba. Alifariki tarehe 19. Sioni awezaye kuyaita hayo majivuno, kwani hata uchungu wake aliutazama kama atazamavyo ua, akaueleza ulivyo.

Lipo pingamizi la pili, nalo ni zito zaidi. Huenda burudani yenyewe ni mbaya, na aisifuye awapotosha wengine. Mwaka 1911 gazeti la Asahi la Tokyo lilichapa mfululizo wa makala za kushutumu besiboli. Miongoni mwa washutumu alikuwa mwanachuoni mashuhuri Nitobe Inazo, aliyeufananisha mchezo huo na kazi ya wezi wa mifukoni, kwa kuwa mchezaji humvizia mwenzake na kuiba kituo. Mwaka 1915 Asahi ya Osaka, ya kampuni ile ile, ndiyo iliyoanzisha mashindano ya besiboli ya shule za sekondari za nchi nzima. Pengine walibadili nia, pengine walitafuta wanunuzi wa magazeti. Hilo halimshindi Nitobe. Swali lake ni halali: mchezo humfunza mtu tabia gani?

Ila twaweza kumjibu, au kumkubali, kwa sababu tu yupo aliyetueleza kuiba kituo ni kufanya nini. Kwa “naupenda” hakuna mjadala. Muhula uliopita mwanafunzi wangu aliandika jinsi kipa wa timu yao auchelewesha-vyo mpira ili muda uishe: huufuata polepole, huinama kufunga kamba za kiatu zilizokwisha kufungwa, humwuliza mwamuzi swali ambalo jibu lake analijua. Nilipoisoma insha hiyo mbele ya darasa, ubishi juu ya haki na werevu ulichukua kipindi chote, na nusu ya darasa ilikuwa upande wa kipa.