Deni la Sauti

Vyombo vya kazi ni vingi, lakini sauti ni ya pekee, kwa kuwa mwenye nayo hawezi kuiweka kando akaazima nyingine. Seremala akivunjikiwa na randa hununua mpya. Mwalimu akipwelewa sauti hana duka la kwenda. Je, mwalimu anayeihifadhi sauti yake hukwepa wajibu, au hutimiza wajibu mkubwa zaidi?

Itazamwe Ulemo, kata ya wilaya ya Iramba, mkoani Singida. Mvua za huko zina msimu mmoja, tangu Novemba hata Aprili. Kiangazi huleta upepo na vumbi, navyo ni adui wa koo. Mvua nayo ikipiga juu ya paa la bati, mwalimu hushindana na mbingu. Ndani ya darasa yako mashindano mengine. Ada ya shule za msingi ilipofutwa mwaka 2001, watoto waliingia shuleni kwa wingi nchini kote. Elimu bila ada ilipofikishwa hata kidato cha nne mwaka 2016, wingi ukazidi. Kelele ya darasa lililojaa, basi, si utovu wa adabu daima. Ni mlio wa neema iliyotangulia vyumba na walimu.

Mwaka 1911 Étienne Lombard, tabibu wa Ufaransa, alieleza kuwa mtu aliyezungukwa na kelele hupandisha sauti bila kukusudia. Mwalimu akipandisha, watoto nao hupandisha. Hakuna mshindi, na anayeumia ni mmoja.

Wako wasemao fimbo hutuliza. Fimbo hufunga midomo, lakini hufunga na akili. Ukimya wa hofu haufundishi. Wako pia wasemao mwalimu mwema hajihurumii. Sifa hiyo ni rahisi kwa anayeitoa, ghali kwa anayeilipa. Methali husema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji; lakini kelele za darasa humzuia mtoto wa nyuma kunywa elimu, hata mwalimu akijitoa mhanga.

Sauti ya mwalimu ni haki ya watoto wa leo na ya watoto wa miaka ijayo. Kuimaliza leo ni kuwadhulumu wa kesho. Anayeitunza hatendi uvivu, bali huweka amana. Na jamii iliyojaza darasa kwa nia njema inadaiwa chumba cha pili na mwalimu wa pili. Isipolipa, deni hilo hulipwa na koo la mtu mmoja.