Tumbili na Nondo

Mahindi yakikaribia kukomaa huku kwetu Ushetu, watoto hushinda shambani kuwafukuza tumbili. Tukimwona mmoja tunapiga debe, tunamwachia mbwa, tunamwita mwizi. Maana ana mikono kama yetu, na akikimbia hutazama nyuma kama mtu ajuaye kosa lake.

Nondo hatumpigii debe. Yeye huja usiku, hutaga mayai mengi juu ya jani, na baada ya siku chache viwavi hutoka na kujificha ndani ya moyo wa mche. Kiwavijeshi vamizi, aliyetoka Amerika na kuonekana nchini mwetu mwaka 2017, aweza kuharibu shamba zima ambalo tumbili angelichuma mahindi machache tu.

Ni yupi basi mwizi? Si huyu wala si yule. Kila mmoja hula kama alivyoumbwa. Amri ya kutoiba tulipewa sisi.

Lakini hukumu yetu yatufunua. Kijana akiiba kuku tunapiga yowe, na pengine tunampiga hata kumwumiza vibaya, naye ni mwana wa jirani. Mwenye mizani ya uongo, apunjaye kila gunia, tunampa kiti cha mbele. Twachukia kinachoonekana kuliko kinachotumaliza.

Ndugu wapendwa, mkulima mwema hufunua majani ya mche mapema, atazame ndani. Nasi tufanye hivyo, tukianza na mizani yetu wenyewe, kabla ya kuokota fimbo.