Uhai Wapita Mali

Ndugu wapendwa, na tuwakumbuke vijana wetu wauzao madukani. Kazi yao yaonekana nyepesi, lakini mwizi huingia kama mnunuzi, akaficha kitu nguoni, akatoka. Kijana amshikaye hajui kama ana kisu, wala kama wenziwe wamngoja nje.

Mbona basi humfuata? Mara nyingi si kwa ushujaa, bali kwa kuogopa kukatwa mshahara. Twawasihi ninyi wenye maduka, msimlazimishe mtu kuchagua kati ya ujira wake na damu yake.

Torati, katika Kutoka sura ya 22, yatenga mwizi avunjaye nyumba usiku na yule aonekanaye jua limekwisha kuchomoza. Mwenye kumwua huyu wa pili ana hatia ya damu. Mwizi imempasa kulipa, si kufa. Ikiwa uhai wa mwizi wapita mali, je, si zaidi uhai wa mwuzaji?

Huko Uskoti, tangu mwaka 2021, kumpiga, kumtisha au kumtukana mwuza duka kazini ni kosa lenye sheria yake. Ni vema, lakini sheria hufika baada ya pigo.

Basi, ninyi mtumikao madukani, mkimwona mwizi, msimzibie njia. Ishikeni sura yake na mavazi yake, mkampashe habari mkubwa wenu, aite polisi. Wala msipige yowe la kukusanya umati, kwa maana umati huua kwa ajili ya kipande cha sabuni. Mali iliyopotea hununuliwa tena. Uhai hauna duka. Bwana atujalie hekima. Amina.