Je, Kitabu Kilicho Kama Ndoto Chafaa Kusomwa?

Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alitoa riwaya ya Nagona mwaka 1990, na Mzingile mwaka 1991. Humo mambo hufuatana kama katika ndoto, naye asimuliaye hana jina. Wako wasemao, Kisichofahamika upesi hakifai. Lakini mzingile maana yake ni njia zipotezazo watu. Basi msomaji naye hana budi kupotea kidogo. Ashukaye kutoka Ufipa kuja Ilemba haoni bonde katika kila kona, wala hasemi kwamba bonde halipo. Yatupasa kumwuliza mtu yule wa kitabuni, Watafuta nini? Kwa maana asiye na jina aweza kuwa mimi au wewe. Tukimhukumu kabla ya kumsikiliza, tumejihukumu wenyewe.